Wakili wa biashara asiyejua sheria ya umma humwacha mteja mlangoni

Kwa Mhariri,

Mfanyabiashara aliyeshinda kesi dhidi ya wizara hurudi kwa wakili wake na swali moja: dalali anaenda lini kuchukua magari? Amengoja miaka, hukumu anayo mkononi, mkopo wa benki unazidi kuota riba, na amewahi kuona jirani yake aliyeshindwa kulipa deni akibebewa viti na jokofu. Jibu ni kwamba dalali haendi. Kifungu cha 21(4) cha Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, kinakataza kukamata mali ya serikali ili kulipa deni la hukumu, na kifungu kidogo cha 5 kinazipa serikali za kaunti kinga hiyo hiyo. Wakili ambaye hakumweleza mteja jambo hili siku ya kwanza amemkosea, hata kama kesi yenyewe aliiendesha kwa ustadi.

Tunaandika barua hii kwa ajili ya mawakili wapya wanaoapishwa na Jaji Mkuu hapa Nairobi, na kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo watakaowategemea. Wengi wa vijana hawa husema wanataka kesi za biashara. Wachache husema wanataka sheria ya umma, yaani Katiba na maamuzi ya serikali. Huzungumza kana kwamba hizo ni kazi mbili za watu wawili tofauti. Katika jiji hili serikali ndiyo mnunuzi wa madawati, dawa, barabara na programu za kompyuta. Ndiyo hutoa leseni na kuzifuta, hutoza kodi, na mara nyingi ndiyo mdaiwa. Kesi moja inaweza kuanza na ankara isiyolipwa na ikaisha na katibu wa wizara akiitwa mbele ya jaji aeleze kwa nini asiadhibiwe. Anayejua nusu moja tu ya kazi humfikisha mteja katikati ya njia.

Njia ya kuingia uwakili inajulikana, kwa hiyo tutaipitia haraka. Kuna shahada ya sheria, kisha mafunzo ya uwakili katika Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen na karatasi 9 za mtihani, miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mwenye angalau miaka 5 kazini, ombi kwa Jaji Mkuu, kiapo, na baada ya hapo cheti cha kufanya kazi kinacholipiwa kila mwaka kupitia Chama cha Mawakili. Ushauri wetu hapo ni mmoja. Tafuta uanagenzi katika ofisi yenye faili katika Kitengo cha Biashara na Kodi cha Mahakama Kuu na pia faili za mapitio ya mahakama, yaani kesi ambazo jaji hukagua uhalali wa maamuzi ya serikali, kisha omba ukabidhiwe shajara ya tarehe za ofisi. Anayeitunza shajara hiyo kwa miezi 6 hujifunza mahali kesi hizi hufia. Kwa maoni yetu, nyingi hufia kwenye hesabu ya siku na kwenye mlango uliochaguliwa, kabla jaji hajasikiliza neno moja juu ya nani ana haki.

Tuanze na zabuni, kwa sababu hapo ndipo sheria ya umma na biashara zimeshonwa pamoja kabisa. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 ndiyo inayoeleza mzabuni aliyeonewa afanye nini. Chini ya kifungu cha 167, ana siku 14 za kupeleka malalamishi kwa Bodi ya kutathmini malalamishi ya ununuzi wa umma, ile inayoitwa PPARB. Siku hizo huanza kuhesabiwa tangu alipoarifiwa matokeo au tangu kosa analolalamikia lilipotendeka.

Siku 14 huhesabiwaje? Siku ya tukio yenyewe haihesabiwi. Barua ikikufikia Alhamisi tarehe 5, siku ya kwanza ni Ijumaa tarehe 6, na ya mwisho ni Alhamisi tarehe 19. Jumamosi na Jumapili za katikati zimo ndani ya hesabu. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, unaruhusiwa kuwasilisha siku ya kazi inayofuata. Wapo mawakili wanaoamini kwamba muda husimama kati ya tarehe 21 Desemba na tarehe 13 Januari. Likizo hiyo imo katika Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai, na inahusu muda uliowekwa na kanuni hizo au na amri ya mahakama. Haigusi siku 14 zilizowekwa na Sheria ya Ununuzi. Zabuni zinazotolewa katikati ya Desemba zimewaponza wengi kwa sababu hiyo.

Mteja naye ana makosa yake ya kawaida, na wakili hana budi kuyatarajia. La kwanza ni kuandika barua ya malalamiko kwa taasisi iliyotoa zabuni, kisha kukaa akingoja jibu. Barua hiyo haisimamishi saa. La pili ni kungoja ashindwe ndipo alalamike kwamba masharti ya zabuni yalimpendelea mtu fulani. Kama masharti yenyewe ndiyo yenye kasoro, kosa lilitendeka zabuni ilipotangazwa, au alipoyasoma, na siku 14 zilianzia hapo. Wakati wa kushindwa huwa zimeshapita zamani. La tatu ni kupeleka ombi la karatasi moja lisilo na ushahidi. Bodi inataka kuona ombi lenyewe, maelezo yaliyotiwa saini, hati ya kiapo, hati za zabuni zenye kurasa zilizotiwa namba, barua ya kuarifiwa matokeo, na kila kifungu kinachodaiwa kuvunjwa kikitajwa kwa namba. Ada nayo ilipwe ndani ya siku hizo hizo 14. Ombi lililofika kwa wakati bila ada linaweza kuhesabiwa kwamba halikufika.

Bodi ikishaiarifu taasisi kwamba kuna malalamishi, shughuli za zabuni husimama na mkataba hauwezi kutiwa saini. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya njia hii, na ndiyo sababu haraka ina maana. Sheria inataka siku 14 zipite kati ya kuarifiwa na kutia saini. Mkataba ukishatiwa saini kihalali baada ya hapo, Bodi haina tena la kufanya.

Bodi hutoa uamuzi ndani ya siku 21. Inaweza kufuta matokeo, kuagiza tathmini irudiwe, kuagiza zabuni ianze upya, na kuamua nani alipe gharama. Asiyeridhika ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu kwa mapitio, na mahakama hiyo ina siku 45 za kuamua. Kisha kuna siku 7 za kwenda Mahakama ya Rufaa, ambayo nayo ina siku 45, na uamuzi wake ni wa mwisho. Jumlisha zote upate siku 146, hata miezi 5 haijatimia. Mwaka 2021, katika kesi ya Aprim Consultants, Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba hukumu ya Mahakama Kuu iliyotolewa baada ya siku 45 ni batili. Kwa hiyo wakili hawezi kumwachia jaji kazi ya kutazama kalenda. Akiomba kuahirisha kesi katika wiki ya tano kwa sababu ana shughuli kwingine, anaweza kuwa amejinyima hukumu yenyewe, na uamuzi wa Bodi ukabaki ulivyo.

Kuna wanaoona njia hiyo ni ndefu, wakakimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja na ombi la kikatiba lililojaa Kifungu cha 10, cha 47 na cha 227. Kifungu cha 9(2) cha Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 kinaizuia mahakama kusikiliza kesi hiyo kabla njia za ndani, kama hiyo ya Bodi, hazijaisha. Kifungu cha 9(4) kinaruhusu msamaha wa sharti hilo, ila lazima uuombe na uonyeshe sababu isiyo ya kawaida. Kuukumbuka msamaha wakati wa kujibu pingamizi la upande wa pili ni kuchelewa.

Hapo tumegusa jambo la mlango, na linastahili kuelezwa zaidi. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya meli Lillian S, ilisema kwamba mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kupiga hata hatua moja zaidi. Kila wakili wa Nairobi huyanukuu maneno hayo, lakini wengi huyanukuu baada ya kuwa wameshaingia mlango usio wao. Deni la mkataba ni deni la mkataba, hata kama mdaiwa ni wizara. Ukiliita uvunjaji wa haki ya mali chini ya Kifungu cha 40 ili upate tarehe ya karibu katika kitengo cha Katiba, upande wa serikali utasema hili ni dai la kawaida lililovishwa joho, na mara nyingi jaji atakubaliana nao. Utafukuzwa bila ushahidi kusikilizwa, na muda wa kufungua kesi sahihi unaweza kuwa umekwisha.

Lakini yapo mambo ya biashara ambayo kweli ni ya sheria ya umma. Mamlaka inapofuta leseni ya hoteli au ya duka la dawa bila kumsikiliza mwenye leseni, Kifungu cha 47 cha Katiba, kinachodai uamuzi wa haki wa kiutawala, ndicho chenye dawa. Hatua ya kwanza ni barua fupi ya kudai sababu kwa maandishi na nakala za nyaraka zilizotumika kufanya uamuzi. Wengi huiruka. Ofisi isiyotoa sababu huingia mahakamani ikiwa na mzigo, kwa kuwa sheria huchukulia kwamba haikuwa na sababu nzuri mpaka ithibitishe vinginevyo. Baada ya barua hiyo ufuate rufaa za ndani, kisha mahakama. Na ukiandika ombi la kikatiba, kumbuka kesi ya Anarita Karimi ya 1979. Taja kifungu gani kimevunjwa, kimevunjwa kwa kitendo gani, tarehe gani, na mteja ameumia vipi. Kurasa 40 za nukuu kutoka Katiba hazijazi pengo la tarehe moja iliyokosekana.

Tofauti hii huonekana hata katika maombi ya dharura. Ukiomba zuio katika kesi ya biashara, vipimo ni vile vya Giella dhidi ya Cassman Brown, 1973: kwamba kesi yako ina uzito, kwamba hasara yako haiwezi kulipwa kwa fedha, na kama bado pana shaka, mizani inaegemea upande gani. Ukiomba amri ya kulinda hali chini ya Katiba, kesi ya Munya iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2014 inakutaka uonyeshe pia maslahi ya umma. Wakili aliyezoea Giella husahau kipengele hicho, akasimama kueleza hasara ya kampuni yake huku upande wa pili ukieleza wagonjwa watakaokosa dawa iwapo zabuni itasimamishwa. Ni muhimu awe na jibu la wagonjwa hao ndani ya hati ya kiapo. Aeleze, kwa mfano, mkataba wa sasa unaisha lini na ghala lina dawa za muda gani.

Sasa tuje kwa aliyeshinda zabuni, akaleta bidhaa, akanyimwa malipo. Hawa ndio wengi, na ndio wanaotuuma moyo, kwa sababu bili zisizolipwa za serikali kuu na kaunti zimefunga biashara za watu walioweka hati ya shamba benki.

Swali la kwanza kwa mteja huyu ni karatasi. Ana barua ya kukubaliwa? Ana mkataba uliotiwa saini, au LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza bidhaa? Ana hati ya kupokea mizigo yenye jina, saini, tarehe na muhuri? Ana cheti cha kamati ya ukaguzi na upokeaji, inayotakiwa na kifungu cha 48 cha Sheria ya Ununuzi? Ana ankara iliyopokelewa na kugongwa muhuri? Karatasi inayokosekana zaidi ni ile ya kamati ya ukaguzi. Mizigo hupokelewa na mtunza ghala, kamati haikutani, na miaka 2 baadaye wizara hujibu kwamba bidhaa hazikuwa za kiwango kilichotakiwa. Mshauri mteja adai cheti hicho wiki ile ile ya kupeleka mizigo, kwa barua, na aweke nakala.

Asiye na mkataba wa maandishi yuko pabaya zaidi. Kifungu cha 135(4) cha sheria hiyo hiyo kinasema hakuna mkataba mpaka ule wa maandishi utiwe saini. Mwaka 2019, katika kesi ya Royal Media Services dhidi ya tume ya uchaguzi, IEBC, dai la malipo ya matangazo lilikataliwa na Mahakama ya Rufaa kwa sababu sheria ya ununuzi haikufuatwa. Afisa anayempigia mfanyabiashara simu na kumwambia "lete kwanza, karatasi zitafuata" anamwomba atoe sadaka. Tungependa kila muuzaji wa Kariobangi, Gikomba na Industrial Area alijue hilo kabla ya kupakia lori.

Swali la pili ni muda, na hapa mawakili wa biashara hasa ndio huanguka. Wamezoea kwamba dai la mkataba lina miaka 6, kwa kuwa ndivyo Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 22, inavyosema. Dai dhidi ya serikali linaongozwa na sheria nyingine, Sura ya 39, inayotoa miaka 3 kwa mkataba na miezi 12 kwa madhara mengine kama vile uzembe au uharibifu wa mali. Kwa mtu binafsi, madhara hayo yangekuwa na miaka 3. Saa huanza pale malipo yalipopaswa kufanywa yasifanywe. Wizara huandika barua nzuri: deni linahakikiwa, kamati imeundwa, malipo yatafanywa mwaka ujao wa fedha. Mteja hupumua, miaka 3 inapita, na Mwanasheria Mkuu anajibu kesi kwa sentensi moja. Weka tarehe ya miaka 2 na nusu katika shajara. Ikifika bila malipo, fungua kesi hata kama mazungumzo yanaendelea.

Kifungu cha 13A cha Sura ya 40 kilitaka notisi ya siku 30 kabla ya kuishtaki serikali. Mwaka 2012, katika kesi ya Kenya Bus Service, Mahakama Kuu iliamua kwamba sharti hilo haliwezi kutumika kumfungia mtu mlango wa mahakama. Hata hivyo tunashauri notisi itumwe. Inasaidia katika suala la gharama, na mara chache huleta malipo. Lakini ukomo ukibakiza wiki 3, usikae kuhesabu siku 30.

Swali la tatu liko ndani ya mkataba, karibu na mwisho: kifungu cha usuluhishi, yaani ahadi ya kupeleka mgogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama. Mikataba mingi ya ujenzi na huduma ya serikali inacho. Ukifungua kesi katika mahakama za Milimani hapa Nairobi bila kukijali, upande wa pili utaomba kesi isimamishwe chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995, na utafaulu iwapo utaomba mapema, wakati wa kuingia rasmi katika kesi au kabla yake. Ndiyo maana wakili wa upande wa mdaiwa naye awe macho. Akiwasilisha utetezi kwanza, amepoteza haki ya kwenda kwa msuluhishi. Wakati usuluhishi unasubiriwa, kifungu cha 7 kinaruhusu kuomba Mahakama Kuu ilinde mali au fedha zinazobishaniwa. Uamuzi wa msuluhishi ukitoka, anayetaka ufutwe ana miezi 3 tangu aupokee, na sababu zinazokubalika ni chache. Msuluhishi kukosea hesabu au kuelewa vibaya kifungu cha mkataba kwa kawaida haimo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Nyutu Agrovet dhidi ya Airtel, Desemba 2019, rufaa kutoka hapo hadi Mahakama ya Rufaa inawezekana, ila kwa nadra. Mteja ayajue haya kabla ya kutia saini mkataba. Na aambiwe pia kwamba jaji analipwa na serikali ilhali msuluhishi analipwa na wahusika, tena hutaka amana kabla ya kuanza.

Kwa madai madogo kati ya mkandarasi na fundi wake, au msambazaji na mwenye lori, kuna Mahakama ya Madai Madogo iliyoanza Milimani mwaka 2021. Hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaipa siku 60. Zaidi ya hapo, hakimu mkuu anaweza kusikiliza hadi milioni 20. Kupeleka dai la milioni 4 Mahakama Kuu kwa ajili ya heshima ni kumwongezea mteja gharama na miaka.

Upande wa kodi unafuata mantiki ile ile ya siku. Pingamizi dhidi ya makadirio ya Mamlaka ya Mapato, KRA, ni siku 30. Kamishna ana siku 60 za kulijibu, na asipojibu pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Notisi ya rufaa kwa Jopo la Rufaa za Kodi ni siku 30 tena. Wakili ahifadhi barua pepe yenye tarehe na saa ya kuwasilisha pingamizi, kwa sababu siku ya 61 ndiyo inayoweza kuimaliza kesi yote.

Kuhusu ushahidi tuna neno moja. Leo mikataba hufanywa kwa barua pepe na jumbe za WhatsApp. Picha ya skrini peke yake itapingwa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kutoka kwa mtu aliyehusika na kifaa, kikieleza ni kifaa gani na nakala ilitolewaje. Cheti hicho kiandaliwe siku ile hati ya kiapo inapoapwa. Na wakili asiape yeye mwenyewe juu ya mambo yanayobishaniwa, hata mteja akiwa safarini Mombasa.

Turudi kwa yule mfanyabiashara na swali lake la dalali. Kinachofuata baada ya hukumu ni kazi ya sheria ya umma mwanzo hadi mwisho. Kwanza, dikrii, yaani hati rasmi ya amri ya hukumu, itolewe na iwe sahihi, riba ikiwa imetajwa na tarehe inayoanzia. Pili, gharama zikadiriwe na Naibu Msajili wa mahakama. Tatu, siku 21 zikipita tangu amri, au gharama zikishakadiriwa, ipi itakayochelewa, uombe cheti cha amri, hati inayotaja kiasi ambacho serikali inapaswa kulipa, chini ya kifungu cha 21 cha Sura ya 40. Nne, cheti kikabidhiwe Mwanasheria Mkuu na afisa anayeidhinisha malipo: katibu wa wizara, au afisa mkuu husika wa kaunti, pamoja na barua ya kudai malipo. Tano, akinyamaza, nenda Mahakama Kuu uombe amri ya kumshurutisha alipe, ile mawakili wanayoiita mandamasi. Sita, akiipuuza amri hiyo, ndipo unapoomba aadhibiwe kwa kudharau mahakama.

Kila hatua ina tundu lake. Kiasi kilicho kwenye cheti kikitofautiana na dikrii hata kwa shilingi chache, utarudishwa masjala. Wengine huruka cheti na kuomba amri ya kushurutisha moja kwa moja, wakaambiwa waanze upya. Wengine hutaja wizara bila kumtaja mwenye ofisi ya kulipa. Katika hatua ya kudharau mahakama, kosa ni la mtu binafsi. Iwapo katibu alihamishwa mwezi uliopita, hakikisha aliye ofisini sasa amekabidhiwa amri mwenyewe, na uwe na kiapo cha aliyemkabidhi. Na usiegemee Sheria ya Kudharau Mahakama ya 2016. Ilitangazwa kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2018, lakini bado tunaiona katika maombi. Tumia kifungu cha 5 cha Sheria ya Mahakama, Sura ya 8. Wizara itasema haina bajeti. Mahakama Kuu imeshasema zaidi ya mara moja kwamba ukosefu wa bajeti haufuti deni la hukumu. Hata hivyo wakili mwenye busara humwandikia afisa huyo miezi kadhaa kabla ya Juni, deni liingizwe katika makadirio ya mwaka unaofuata wa fedha.

Haya yote huchukua muda na hulipiwa. Wakili haruhusiwi kukubaliana na mteja kwamba atalipwa sehemu ya kile kitakachopatikana, na anayefanya hivyo anavunja Sheria ya Mawakili. Kwa hiyo makubaliano ya ada yaandikwe mwanzoni, yakigawa kazi mara mbili: kesi hadi hukumu, na utekelezaji baada ya hukumu. Mteja anayedhani ada ya kwanza ilikuwa ya kila kitu huishiwa fedha akiwa na cheti cha amri mezani, na hapo ndipo faili nyingi za madai dhidi ya serikali zimelala.

Mhariri, tuna ombi kwako. Matangazo ya zabuni huchapishwa magazetini karibu kila wiki, na wengi wa wanaoyasoma hawana wakili. Chini ya kila tangazo la zabuni katika gazeti lako, tunaomba mchapishe mstari mmoja wa Kiswahili unaoeleza kwamba mwenye malalamishi ana siku 14 za kuyafikisha kwa Bodi, na kwamba barua kwa taasisi yenyewe haisimamishi siku hizo.

Mawakili wa Mahakama Kuu,
Upper Hill, Nairobi